Kamba Ambayo Salvestra Alikataa Kuichoma

Salvestra, mjane wa Meo msokota kamba, alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja asubuhi ile alipokabidhiwa mwenge mbele ya jumba la baraza la Montargo akaambiwa achome kamba yake mwenyewe. Aliupokea mwenge. Aliutazama kidogo, kisha akauzamisha kwenye ndoo ya muuza samaki aliyekuwa amekaa hatua tatu kutoka pale, na akamrudishia askari kijiti kilicholowa.

"We mama! Ndoo yangu!" muuza samaki akapiga kelele.

"Samaki wako wamekufa tangu juzi," Salvestra alimjibu. "Hawatasikia joto."

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Oktoba, mwaka 1468. Watu waliokuwapo uwanjani walicheka, halafu wakanyamaza, kwa sababu hakuna aliyejua kinachofuata. Katika miaka mia moja na ishirini iliyoandikwa kwenye kitabu cha chama cha wasokota kamba, kamba kumi na tisa zilikuwa zimehukumiwa kuwa mbovu, na zote kumi na tisa zilichomwa uwanjani na aliyezisokota. Ndiyo desturi. Fundi huteketeza kazi yake mbovu kwa mkono wake, na kwa mkono huohuo hung'oa alama yake ya ufundi mlangoni. Hakuna aliyewahi kukataa, na kwa hiyo hakuna aliyewahi kuandika afanywe nini anayekataa.

Salvestra hakuzaliwa mjini. Baba yake alichoma mkaa kwenye misitu ya milimani, na binti aliteremshwa Montargo akiwa na miaka kumi na sita kuolewa na Meo, ambaye alikuwa na karakana chini ya ukuta wa kaskazini wa mji. Karakana ya kamba haina kuta. Ni njia nyembamba, ndefu, yenye gurudumu upande mmoja. Msokotaji hujizungushia katani kiunoni, hufunga ncha kwenye gurudumu, kisha hurudi nyuma hatua kwa hatua huku akiachia nyuzi vidoleni. Njia ya Meo ilikuwa na hatua mia mbili. Ukipiga hesabu ya safari arobaini kwa siku kwa miaka ishirini na mitano, Salvestra alikuwa ametembea kinyumenyume umbali wa kwenda Roma mara nyingi kuliko hujaji yeyote wa mji huu.

Meo alikufa kwa homa mwaka 1460. Hawakuwa wamebahatika kupata mtoto. Chama humruhusu mjane kubaki na alama ya mumewe, ambayo kwao ilikuwa gurudumu lenye miti mitano inayotoka kitovuni, kwa masharti mawili: asiolewe tena, na asitoe kamba itakayohukumiwa. Sharti la kwanza halikumpa taabu. Wachumba wawili walikuja, akawarudisha wote wawili.

"Mmoja alikuwa na meno, mwingine alikuwa na mashamba," aliwaambia majirani. "Wangekuwa mtu mmoja ningefikiri."

Sharti la pili ndilo lililomfikisha uwanjani, na ili kulielewa inabidi kuieleza kuba, paa lililobinuka la kanisa kuu.

Kanisa kuu la Montargo lilikaa miaka sitini likiwa na tundu pale juu ya madhabahu. Ukuta wa pembe nane ulijengwa mpaka mahali kuba inapopaswa kuanzia, kisha kazi ikasimama kwa sababu hakuna aliyejua jinsi ya kuendelea. Mvua iliingia. Njiwa waliingia. Padri aliyeadhimisha misa wakati wa masika alivaa kofia ya majani pamoja na kanzu yake ya sherehe. Kisha watu wa Firenze wakafunga kuba yao, na baada ya hapo kila mji wenye kilima na kiburi ukataka yake. Jirani zetu wa ng'ambo ya mto walianza mwaka 1464. Mwaka uliofuata baraza la Montargo likamleta Fundi Baldo.

Baldo alikuwa ameweka matofali Firenze ujanani mwake na alikuwa amejifunza alichokiona. Hakuomba msitu wa mbao wa kuujaza ukumbi wa kanisa ili kushikilia kuba kutoka chini. Alisema kuba itajishika. Matofali mengi yangelazwa, na kati yake, kila baada ya hatua, tofali moja lingesimamishwa wima, na safu inayofuata ingesogezwa kidogo, hata mistari ya matofali wima ipande kwa mshazari kama miiba ya samaki. Tofali lililosimama huyazuia yaliyolala yasiteleze kabla chokaa haijakauka. Mzunguko ukifunga, haudondoki tena, na waashi wanaweza kusimama juu yake na kuanza mwingine.

Hilo ndilo jibu la swali la kuanguka. Swali la umbo ni jingine. Kuba ya pembe nane lazima ipinde kwa kadiri moja katika kila pembe, la sivyo pembe hazitakutana juu. Baldo aliichora kwa ukubwa wake kamili kwenye mchanga wa mto, majira ya kiangazi maji yalipopungua, na kutoka kwenye mchoro ule wachonga mawe walichukua vipimo vyao. Kwa waashi alijenga sakafu ya mbao pale kuba inapoanzia, akaacha tundu katikati la kupandishia vifaa, na akapigilia misumari minane, kila pembe na msumari wake. Kamba moja ya dhiraa thelathini na tano ilifungwa kwenye msumari na kunyooshwa hadi ukingo wa matofali. Ncha ya kamba ilipofika ndipo tofali lilipowekwa. Halafu kamba ilifunguliwa ikapelekwa kwenye msumari unaofuata. Wazo zima la Baldo, akili yake yote ya miaka arobaini, lilikaa kwenye kamba nene kama kidole cha mtoto.

Kamba hiyo aliisokota Salvestra mwezi Agosti 1467, kwa katani bora, akaisugua kwa nta ya nyuki.

Kazi ilianza kila siku jua lilipochomoza. Baldo aliamuru kupima kuanzie pembe mbili za mashariki, kisha kamba izunguke na kumalizia magharibi baada ya chakula cha mchana. Waashi hawakuruhusiwa kushuka zaidi ya mara moja kwa siku. Mkate, maharage, vitunguu na divai iliyochanganywa na maji vilipandishwa kwa kikapu. Kamba ililala hukohuko juu, imening'inizwa kwenye mti wa jukwaa.

Septemba 1468 ukafika wakati wa kuweka mzunguko wa mawe. Ni mihimili ishirini na minne ya mawe ya mchanga, iliyofungwa kwa vyuma, inayoizunguka kuba kama mkanda ili isipasuke. Mihimili ya magharibi ilikaa vizuri. Ya kusini na kaskazini ililazimishwa kidogo. Ya mashariki ilitokeza nje ya ukuta kwa upana wa vidole vinne, na jiwe la mwisho halikupata nafasi kabisa. Ukuta wa mashariki ulikuwa umeingia ndani.

Salvestra aliitwa kwenye uwanja wa waashi siku iliyofuata. Alimkuta Baldo, alimkuta Bwana Ormanno, mfanyabiashara wa sufu aliyekuwa msimamizi mkuu wa ujenzi kwa niaba ya baraza, na alimkuta Nofri, mdogo wake Meo, aliyeongoza waashi wa mashariki.

"Shemeji, usinitazame hivyo," Nofri alianza kabla hajaulizwa. "Mimi nimefuata kamba. Kamba iliposema hapa, nikaweka tofali hapa."

"Na wenzako wa magharibi walifuata nini? Harufu?"

Waashi walicheka. Ormanno hakucheka.

"Bi Salvestra, hakuna haja ya maneno mengi. Kamba imevutika. Kamba huvutika."

"Bwana Ormanno, kamba ikivutika inarefuka au inafupika?"

"Inarefuka. Hilo hata mtoto anajua."

"Ikirefuka, tofali linasogea nje. Ukuta wenu umeingia ndani. Sasa niambie kamba yangu imevutika kuelekea wapi."

Ormanno aliuza sufu, na sufu haina msumari wala pembe.

"Basi uliisokota fupi."

"Fupi kwa Nofri, halafu ndefu kwa watu wa magharibi? Kamba ileile, siku ileile? Nofri, nyie mnapima saa ngapi?"

"Sisi ndio wa kwanza. Hata umande haujakauka, vidole vinakufa ganzi..." Nofri alisema, kisha akanyamaza kama mtu aliyekanyaga kitu.

Kila mwashi aliyekuwapo alijua kwamba katani ikilowa hujikaza na kufupika. Kamba nene za kupandishia mawe hukaza siku za mvua hadi fundo haliwezi kufunguliwa. Lakini hii ilikuwa nyembamba, ilikuwa na nta, na hakuna aliyeifikiria kama kamba. Waliifikiria kama kipimo. Asubuhi za bonde letu, kuanzia Septemba hadi Aprili, ukungu hupanda kutoka mtoni na kuliingia kanisa kama moshi. Kamba ilipimia mashariki ikiwa imelowa na fupi. Ilipofika magharibi jua lilikuwa limeikausha.

"Fundi Baldo," Salvestra alisema, "wewe unasemaje?"

Baldo alikuwa akiyatazama mawe.

Siku nne baadaye baraza liliamua kwamba kosa ni la kamba. Uamuzi huo haukutokana na ujinga. Kama kosa lingekuwa la Baldo, mji ungebaki na nusu ya kuba na fundi asiyeaminika, na jirani wa ng'ambo ya mto wangepata cha kuimba kwenye karamu zao kwa miaka hamsini. Kama lingekuwa la waashi, makundi yote manane, moja kwa kila pembe, yangeweka chini mwiko wa chokaa. Kama lingekuwa la kamba, angeumia mjane mmoja. Mpiga mbiu alisoma hukumu kwenye ngazi za jumba la baraza: kamba ni mbovu, ichomwe, alama ya gurudumu ing'olewe, na karakana ipewe mwanamume wa ukoo wa marehemu Meo. Mwanamume pekee aliyebaki katika ukoo wa marehemu Meo alikuwa Nofri.

Ndivyo mwenge ulivyofika mkononi mwa Salvestra, na ndivyo ulivyoishia kwenye ndoo ya samaki.

Karani wa baraza alipekua kitabu cha chama mpaka mchana na kurudi na jambo moja tu: kamba iliyohukumiwa ni mali ya aliyeisokota hadi itakapoteketea. Kwa hiyo haikuwezekana kumnyang'anya. Haikuwezekana mtu mwingine kuichoma. Na alama isingeng'olewa kabla ya moto. Ormanno aliweka askari mmoja ailinde kamba pale ilipo, akitumaini kwamba aibu ingefanya kazi ambayo kitabu kilishindwa kuifanya.

Salvestra alirudi uwanjani kesho yake alfajiri, ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba askari alimtambua kwa sauti.

"Toka hapo, mwanangu, naichukua kamba yangu."

"Bi Salvestra, nimeambiwa niilinde."

"Ilinde basi. Shika hapa ili isiguse matope."

Alifunga ncha moja kwenye pete ya chuma ya kufungia farasi, kwenye ukuta wa jumba la baraza. Akaivuta kamba kukatisha uwanja hadi kisimani, akaipitisha juu ya roda ya kisima na kuning'iniza jiwe ili ikazwe kwa nguvu ileile kila mara. Akafunga uzi mwekundu kwenye kamba karibu na kisima, na chini ya uzi ule akachora mstari kwa chokaa kwenye mawe ya uwanja. Halafu akaenda kufanya kazi zake.

Alirudi saa sita mchana. Jua lilikuwa kali. Uzi mwekundu ulikuwa umesogea kuelekea kisimani, mbali na mstari. Akachora mstari mwingine. Wafuaji nguo waliokuwa kisimani walikuja kutazama, kisha mwokaji mikate, kisha watu wa ghorofa ya pili ya jumba la baraza.

"Vidole vingapi hapo?" mwokaji aliuliza.

"Weka vyako. Vyangu watasema ni vifupi."

Vilikuwa vinne na kidogo.

Jioni ile Ormanno aliamuru uwanja uoshwe. Asubuhi ya pili Salvestra alikuja na msumari na kukwaruza mistari kwenye jiwe.

"Kukwaruza mawe ya uwanja ni kosa," askari alisema, bila furaha.

"Andika. Na ukiandika, andika pia kuna nafasi gani kati ya mkwaruzo na mkwaruzo."

Kufikia siku ya tatu watu walikuwa wakija alfajiri na vikombe vyao vya divai ya moto. Waashi wa magharibi, ambao ukuta wao ulikuwa sawa na ambao hawakuwa na cha kupoteza, walijipanga kama kwaya.

"Nofri! Njoo upime suruali yako, mvua ilikunyeshea jana!"

"Nofri, ukioga mkeo bado hukutambua?"

Nofri alikuja siku ya nne. Alisimama nyuma ya watu, kisha akasukumwa mbele. Alipiga magoti, akaweka vidole vinne kati ya mikwaruzo miwili, vidole vilevile alivyoviweka kati ya jiwe na ukuta kule juu. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Karakana yangu utaitaka lini, shemeji?" Salvestra alimuuliza. "Nikupangie gurudumu."

"Sikuiomba."

"Hukuikataa pia."

Nofri aliinuka akaondoka. Inasemekana siku ile hakupanda kazini.

Fundi Baldo alikuja siku ya sita, si uwanjani bali karakanani. Alikuta Salvestra amejizungushia katani kiunoni, akirudi nyuma kutoka kwenye gurudumu.

"Simama tuongee," alisema.

"Nikisimama uzi unaharibika. Tembea."

Baldo akatembea. Alikuwa mtu wa miaka sitini, mzito, aliyezoea watu kumfuata yeye. Sasa alimfuata mwanamke ambaye uso wake ulimwelekea muda wote huku akizidi kwenda mbali.

"Choma kamba, Bi Salvestra. Nitakupa kazi ya kamba zote za kupandishia mawe mpaka kuba ifunge. Neno langu."

"Na mlangoni pataandikwa nini?"

"Itawekwa alama ya shemeji yako. Kwa jina tu. Kazi utafanya wewe."

"Kwa jina tu. Vizuri. Na kuba tuiandike jina la fundi mwingine, kwa jina tu. Kazi umefanya wewe."

Baldo alipumua. "Mimi sitajenga nyingine. Unajua hilo? Hii ndiyo yangu."

"Na mimi nina alama nyingine kabatini?"

"Hukuniambia kwamba..."

"Nilikuambia. Agosti, nilipoleta kamba. Nilisema msipimie ikiwa na umande, na isilale nje. Ukanijibu ulikuwa unajenga kabla mimi sijajua kusuka nywele."

"Nilisema hivyo?"

"Mbele ya karani. Hakuandika, lakini alicheka."

Walikuwa wamefika mwisho wa njia, mgongo wa Salvestra ukigusa ukuta wa mji. Alifunga ncha ya uzi kwenye kigingi, akajipangusa mikono, na akamngoja aseme kitu. Baldo aliutazama uzi wote, hatua mia mbili zake, ukiwa sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akageuka na kurudi alikotoka.

Baraza halikubadilishwa na ukweli. Lilibadilishwa na kalenda. Sikukuu ya Mtakatifu Martino, tarehe kumi na moja Novemba, ndiyo siku ambayo waashi wa mji huu huacha kuweka chokaa. Baada ya hapo baridi huigandisha na kuifanya unga. Kuta hufunikwa kwa nyasi kavu na samadi hadi Machi. Ili mawe ya mkanda yakae, safu tisa za mashariki zilihitaji kubomolewa na kujengwa upya kabla ya siku hiyo. Zikiachwa hivyo, ukuta uliopinda ungekaa majira yote ya baridi bila mkanda, na Baldo hakuwa tayari kuapa kwamba ungesimama. Kupima kulihitaji kamba. Kamba ilikuwa uwanjani, mali ya mjane. Walimwomba asokote nyingine chini ya alama ya Nofri. Alimwambia mjumbe aende akamwombe Nofri. Wasokota kamba wengine wa Montargo hawakuwa na katani ya namna ile, na mji wa karibu zaidi uliokuwa nayo ulikuwa wa jirani zetu wa ng'ambo ya mto, ambao hakuna mjumbe aliyetaka kwenda kuwaomba.

Hukumu ilibatilishwa siku ya Alhamisi. Mpiga mbiu aliisoma saa ya chakula, uwanja ukiwa na paka wawili na yule askari. Salvestra alipopewa habari alisema hajaisikia.

"Imesomwa, mama," mjumbe alimwambia.

"Ile ya kwanza ilisomwa watu wamejaa. Na hii isomwe hivyohivyo. Jumapili, misa ikiisha."

Jumapili, misa ikiisha, ilisomwa kwenye ngazi zilezile. Kamba ya Salvestra mjane wa Meo haina ubovu. Alama yake ibaki mlangoni. Kosa lililotokea katika ukuta wa mashariki lilisababishwa na ukungu wa mtoni.

"Ukungu ukamatwe!" mtu alipiga kelele, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Ormanno alishuka ngazi mbili. "Haya, Bi Salvestra. Umepata ulichotaka mbele ya watu wote. Lete kamba."

Salvestra alikuwa ameikunja kamba na kuivaa begani kama mkoba. Hakuivua.

"Kamba itapanda kesho," alisema. "Na mimi napanda nayo. Itapimia baada ya saa sita mchana, nikiwa nimeishika ncha yake kwenye msumari kwa mkono wangu. Na jioni inarudi nyumbani."

"Mwanamke hapandi kwenye jukwaa. Hiyo ni sheria ya waashi, si yangu."

"Basi pimeni kwa macho."

"Usizidishe, mama. Umeshinda, nenda nyumbani."

"Nimeshinda nini? Mmesema kosa ni la ukungu. Kesho ukungu utakuwepo, na mtu wa kunyoosha kamba ndani yake atakuwepo, na ukuta ukipinda mtanitafuta mimi tena. Alama yangu iko kwenye hii kamba. Siiachi peke yake na nyinyi."

Hakuna aliyecheka safari hii. Ormanno aliwatazama waashi, akitegemea watetee sheria yao. Waashi walimtazama Baldo, aliyekuwa amesimama kando ya mlango wa kanisa na kofia mkononi.

"Apande," Baldo alisema.

"Fundi, sheria..."

"Saa ya kupima niliipanga mimi, Bwana Ormanno. Si ukungu. Apande."

Alipanda kwa miaka sita, mpaka kuba ilipofunga, ngazi mia mbili na kumi na moja kila siku ya kupima. Waashi waliacha kulalamika mwaka wa kwanza, wakaanza kumtuma awaletee vitunguu mwaka wa pili, na alikataa kuvileta hadi mwisho. Alifariki mwaka 1489, na gurudumu la miti mitano lilikuwa bado mlangoni.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumatatu ile, jua likiwa limesimama juu ya tundu la kuba. Alifika kwenye sakafu ya mbao akihema, sketi amezikunja na kuzifunga kiunoni kwa kipande cha katani. Aliipapasa kamba yote, dhiraa kwa dhiraa, akaridhika kwamba ni kavu. Akafunga ncha kwenye msumari wa pembe ya kwanza ya mashariki, akaishika kwa mikono miwili, na akamtupia Nofri ncha nyingine juu ya ukuta. Chini kabisa, kwenye sakafu ya kanisa, Ormanno na wajumbe watatu wa baraza walikuwa wamesimama wakitazama juu kupitia tundu la katikati, shingo zimepinda.

Nofri aliivuta kamba ikakaza. Ncha ilipita ukingo wa matofali yake na kuning'inia hewani upande wa nje.

"Vidole vinne," alisema. "Ukuta uko ndani kwa vidole vinne, shemeji. Kamba iko sawa."

"Sema kwa nguvu," Salvestra alimwambia. "Wale wa chini hawajasikia."